Heshima Hukaa kwa Jirani, Utukufu Husafiri

Huko Lugalo, mashariki ya mji wa Iringa, upo mnara uliojengwa na watu walioshindwa. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, liliuvizia msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski, yule ambaye Waswahili walimbandika jina la Nyundo, na kabla jua halijapanda sana msafara ulikuwa hauna kiongozi. Wazungu 10 walikufa, pamoja na askari wa Kiafrika zaidi ya 200 waliokuwa wakiwatumikia. Tumezoea kwamba mshindi ndiye anayejenga mnara. Hapa aliyejenga ni aliyepigwa, baada ya kurudi miaka mitatu baadaye akiwa na silaha nyingi zaidi, na aliowajengea ni Nyundo na wenzake. Wahehe walioshinda siku ile hawakuchonga jiwe. Waliimba.

Sasa nenda Miyomboni, pale katikati ya mji, uwaulize watu ni nani aliyepata heshima Lugalo. Mmoja atakwambia ni Mkwawa, maana alimpiga Mzungu. Mwingine atasema alimpiga, ndiyo, lakini mwishowe alikimbizwa porini akajiua mwenyewe, heshima gani hiyo? Wa tatu, kwa kawaida mzee aliyewahi kuvaa magwanda, atakwambia hata Zelewski alikufa akiwa kazini, na askari mwenzake humvulia kofia. Wanaweza kubishana mpaka chai ipoe, na hawatapatana, kwa sababu kila mmoja ana kitu chake kichwani.

Vitu hivyo viko vitatu, na vikichanganywa historia nzima ya mambo haya inakuwa fumbo. Kuna heshima anayopewa mtu na wale wanaomjua: wakwe, majirani, rika lake. Hiyo anaanza nayo, na kazi yake ni kutoipoteza. Kuna utukufu, sifa kubwa inayotafutwa kwa makusudi, ambayo haina maana mpaka ifike kwa watu ambao mtu mwenyewe hatawaona kamwe. Na kuna utu, ambao haupimwi kwa macho ya mtu yeyote. Swali ninaloliona linasaidia kuliko mengine yote ni hili: nani anatazama?

Tuanze na heshima, tena ile yake kali, ya mtu anayesema yeye hachezewi. Wengi huidhani ni ujinga wa watu wa kale au hasira za wanaume. Wamarekani wawili, Richard Nisbett na Dov Cohen, walitoa mwaka 1996 maelezo yanayoingia akilini zaidi. Waliona kwamba kusini mwa Marekani ugomvi ulioanza kwa tusi uliishia kwenye mauaji mara nyingi kuliko kaskazini, wakadai kuwa chanzo chake ni mifugo. Wahamiaji wengi wa kusini walitoka kwenye nchi za wafugaji za Scotland na Ireland ya kaskazini. Mkulima wa ngano haamki akakuta shamba zima limeibwa, lakini mfugaji anaweza kulala tajiri akaamka fukara. Mahali ambapo hakuna polisi wala mahakama ya kukimbilia, kinga ya zizi ni sifa ya mwenye zizi. Ikijulikana kwamba ukimgusa atakufuata hadi kwenu, ng'ombe wake watalala salama. Ikijulikana kwamba alitukanwa akanyamaza, kesho watakuja. Watafiti hao hawakuishia kwenye vitabu. Waliwaita wanafunzi wa chuo, wakampanga mtu awapige kikumbo kwenye korido na kuwatukana, kisha wakapima homoni zao. Wale wa kusini zilipanda, wa kaskazini hazikupanda sana.

Ukiitazama Nyanda za Juu Kusini ya karne ya 19 kwa jicho hilo, mambo mengi yanajipanga. Munyigumba, baba yake Mkwawa, aliunganisha koo nyingi za Uhehe wakati nchi nzima ikiwa uwanja wa kunyang'anyana ng'ombe, pembe za ndovu na watu. Upande wa magharibi alikuwapo Merere na Wasangu wake, kusini Wangoni, ambao Wahehe walipigana nao vita kubwa mwishoni mwa miaka ya 1870. Hapakuwa na mtu wa kumpelekea mashtaka. Mtawala aliyeonekana kuvumilia tusi alikuwa ameifungua nchi yake kwa kila mwenye mkuki. Mkwawa alijenga ngome ya mawe Kalenga, lakini ngome yake ya kwanza ilikuwa jina lake, na hiyo ilisimama muda mrefu kuliko mawe. Wajerumani waliivunja Kalenga Oktoba 1894. Jina liliwasumbua miaka mingine karibu minne.

Heshima ya namna hii ina gharama, na mara nyingi anayeilipa si yule anayetamba nayo. Ukoo ukishaweka sifa yake mbele ya macho ya majirani, hutafuta pa kuihifadhi, na katika jamii nyingi za dunia, kuanzia pwani za Mediterania hadi milima ya Asia, umeihifadhi kwenye miili ya mabinti. Kaka anamuua dada yake ili baba aweze kutembea sokoni. Kwetu haijafika huko, lakini tunajua ndoa zilizofungwa haraka haraka ili watu wasiseme, na kesi za watoto zilizomalizwa kwa wazee kukaa na kulipana mbuzi. Nisidanganye, mimi hiyo siiti heshima. Ni hofu ya wazee kuhusu wazee wenzao.

Matajiri wa Ulaya na Marekani nao walikuwa na lao. Alexander Hamilton, aliyepanga fedha za taifa changa la Marekani, alimpoteza mwanawe Philip katika pambano la bastola la watu wawili mwaka 1801. Miaka mitatu baadaye yeye mwenyewe akaenda kusimama mbele ya bastola ya Aaron Burr, akafa. Pushkin, mshairi wa Warusi, aliondoka vivyo hivyo mwaka 1837. Hawa hawakuwa wachunga ng'ombe, na mahakama zilikuwapo. Lakini waliishi katika tabaka dogo ambalo kila mtu anamjua mwenzake, na ambalo kukataa mwito wa pambano ilikuwa sawa na kujifuta jina ukiwa hai. Desturi hiyo ilikufa pole pole, na sheria peke yake hazikuiua. Tabaka lenyewe lilipanuka, watu wakaacha kujuana, na watazamaji wakatawanyika.

Utukufu hauhitaji majirani. Wagiriki wa kale walisimulia habari za Achilles, shujaa wa vita vya Troya, na ukizisoma kwa makini utaona mambo mawili yamefungwa katika mtu mmoja. Ugomvi wake na mfalme Agamemnon ni wa heshima: amenyang'anywa Briseis, mateka aliyepewa kama tuzo, mbele ya jeshi zima, naye anasusa. Wenzake wanakufa, yeye kakaa hemani. Lakini yapo maneno mengine anayoyasema mwenyewe, kwamba amepewa njia mbili: abaki Troya afe kijana na jina lake lisife, au arudi kwao aishi miaka mingi bila kukumbukwa. Hapo watazamaji si askari wenzake tena. Ni sisi, tunaomzungumza Iringa karne nyingi baadaye, watu ambao hakujua kama tutakuwapo.

Thomas Hobbes, Mwingereza aliyeandika mwaka 1651 baada ya kuona nchi yake ikichinjana, alitaja sababu tatu za watu kugombana: kutafuta faida, kuogopana, na kutafuta utukufu. Ya tatu ndiyo iliyomshangaza, kwa sababu watu huuana kwa vitu vidogo kabisa, neno au tabasamu tu. Mtu anayetaka mali utampa nusu atulie. Anayetaka utukufu utamgawia nini?

Waswahili wa pwani walilijua jambo hili vizuri, na walikuwa na fani yake kabisa, majigambo. Anayejigamba anasimama mbele ya watu na kujisifu kwa mashairi, na watu ndio mizani: wakipokea, ameshinda, wakinyamaza, ameaibika. Bingwa wa majigambo ni Fumo Liyongo. Silaha haikumuweza. Mwanawe mwenyewe alitumwa amchome kwa sindano ya shaba kitovuni, naye akapiga goti karibu na kisima, mshale umevutwa kwenye upinde, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji walikaa siku kadhaa bila kuthubutu kwenda kuchota maji. Walikuwa wanamwogopa maiti.

Ninaikumbuka hadithi hiyo kila ninaposoma jinsi Mkwawa alivyokufa, kwa sababu yaliyotokea Mlambalasi yanafanana nayo mno. Zawadi ya rupia 5,000 ilikuwa imetangazwa kwa atakayeleta kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898 doria ya sajenti mmoja wa Kijerumani, Merkl, ilifuata mlio wa bunduki, ikaona watu wawili wamelala. Merkl akalenga shabaha kwa mbali, akapiga. Walipokaribia wakakuta kwamba Mkwawa alikuwa amekwisha kujipiga risasi. Sajenti alikuwa amempiga maiti.

Turudi kwa yule bwana wa pili wa Miyomboni, anayeuliza kujiua ni heshima gani. Jibu linategemea nani alikuwa anasubiri kutazama. Warumi walipomteka mfalme wa adui hawakumuua hapo hapo. Walimpeleka Roma, wakampitisha barabarani mbele ya umati akiwa na minyororo, jemadari mshindi yuko juu ya gari la farasi. Vercingetorix, kiongozi wa Wagauli, alijisalimisha mwaka 52 kabla ya Kristo, akawekwa kifungoni miaka sita, akaonyeshwa katika gwaride la Julius Caesar, kisha akanyongwa. Kleopatra wa Misri aliyaelewa hayo. Mwaka 30 kabla ya Kristo, aliposhindwa, alijiua, na gwaride likalazimika kubeba sanamu yake tu. Huko Japani kujiua kulipewa hata utaratibu. Mwanzoni mwa mwaka 1703 samurai 47 waliokuwa wamepoteza bwana wao walilipiza kisasi chake kwa kumuua afisa mkubwa wa serikali. Watawala wakakwama: walichofanya ni utii uliotukuka, na pia ni uvunjaji wa sheria. Wakaamua kuwapa 46 kati yao amri ya kujikata matumbo badala ya kuwachinja kama wahalifu. Sheria ikapata chake, na wao wakapata chao.

Kwa hiyo ni kweli Mkwawa alishindwa vita. Lakini risasi ile ya mwisho haikuwa ya vita. Iliwanyima Wajerumani gwaride. Nao wakajibu kwa kile ambacho washindi wengi wa dunia wamekifanya wanapokosa mtu mzima: wakachukua kichwa.

Hapa lazima tuwe waungwana, tusifanye kana kwamba ukatili wa vichwa ni wa taifa moja. Samurai walikata vichwa vya maadui, wakavisafisha na kuvipanga mbele ya bwana wao avikague, na malipo yalitegemea hadhi ya mwenye kichwa. Mwaka 1824 Waasante, katika Ghana ya leo, walimuua gavana Mwingereza, Charles MacCarthy, na fuvu lake likabaki kwa mfalme wao kama kombe la ushindi. Mwaka uleule wa 1898 Mkwawa alipokufa, jemadari Mwingereza Kitchener aliingia Omdurman, Sudani, kaburi la Mahdi, aliyekuwa kiongozi wa Wasudani, likabomolewa, na fuvu likachukuliwa, mpaka Malkia Victoria mwenyewe akachukizwa. Mantiki ni moja. Utukufu husafiri kwenda kwa watu ambao hawakuwapo, na wasiokuwapo wanataka ushahidi. Jirani hahitaji fuvu, maana aliona.

Ndiyo maana fuvu la Mkwawa likaingia hata kwenye mkataba wa Versailles wa 1919. Kifungu cha 246 kiliidai Ujerumani vitu viwili visivyohusiana hata kidogo: msahafu wa Khalifa Uthman uliotolewa Madina, na fuvu la Sultani Mkwawa, virudishwe ndani ya miezi sita. Haikufanyika hivyo. Ilipofika 1953, gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen. Palikuwa na mafuvu takribani 2,000, na 84 kati yake yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alilinganisha vipimo na vya ndugu wa Mkwawa, kisha akachagua moja lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 lilikabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi mbele ya umati mkubwa. Wakati huo Kenya jirani ilikuwa katika hali ya hatari kwa ajili ya Mau Mau. Gavana wa kikoloni anayekurudishia babu yako katika mwaka kama huo hafanyi hivyo kwa huruma tupu.

Kabla ya kuendelea na Adam Sapi, nahama kidogo kwenda Mbeya, hasa Tukuyu na Kyela, kwa sababu Wanyakyusa wanavuruga kila nadharia inayodhani heshima ni kujitokeza. Mtafiti Monica Wilson aliyekaa nao miaka ya 1930 alikuta utaratibu usio na mfano mwingi duniani: wavulana wakifika umri wa miaka kumi hivi walitoka kwa baba zao wakaenda kujenga vibanda vyao, na kundi hilo likakua pamoja mpaka likawa kijiji, wanarika watupu na wake zao. Sifa kubwa ya mtu ilikuwa ukwangala, yaani kukaa na wenzako, kula nao na kuzungumza nao vizuri. Mtu aliyechinja peke yake, au aliyemdharau baba, au aliyevunja mwiko wa mkamwana na mkwe, hakupelekwa popote. Wenzake walinung'unika jioni wakizunguka moto, na manung'uniko hayo yaliaminika kuwa baridi inayomwingia mwilini akaugua: pumzi ya watu. Ili apone ilibidi aseme kosa lake, achinje, wale.

Angalia ilivyo tofauti na Achilles. Yule alisusa akakaa peke yake, na kususa kwake kukamwongezea ukubwa. Mnyakyusa aliyesusa angeugua. Na mtu huyohuyo katika msiba alicheza na mkuki wake uwanjani akionyesha ushujaa, mbele ya waombolezaji wote. Kwa maana hiyo hawakuukosa utukufu. Waliupa siku yake na mahali pake, kisha wakaurudisha mezani ulipokwisha. Binafsi naona huo ni ujuzi wa siasa ambao majemadari wa Roma hawakuufikia, maana wao walipokosa pa kuurudisha wakaivunja jamhuri yao.

Swali la muda gani sifa inadumu alilishughulikia Ibn Khaldun, mwanahistoria aliyezaliwa Tunis, katika utangulizi mrefu wa historia aliouandika mwaka 1377. Alisema utukufu wa ukoo unamalizika katika kizazi cha nne. Anayeujenga anajua ulivyomgharimu. Mwanawe aliona kwa macho. Mjukuu anafuata mazoea. Kitukuu anadhani alizaliwa nao, anawadharau watu, na wanamwacha. Tumpime kwa Iringa: Munyigumba, Mkwawa, Sapi, Adam Sapi. Kizazi cha nne, na kweli mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ikawaondolea machifu mamlaka yao. Ibn Khaldun angetabasamu. Ila Adam Sapi hakuachwa. Alikuwa Spika wa Bunge, akakikalia kiti hicho kwa miaka mingi. Watazamaji walikuwa wamebadilika, kutoka Uhehe kwenda nchi nzima, naye akapata kazi mbele ya watazamaji wapya. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini yeye alitunzwa hata alipocheza ugenini.

Nchi mpya ilimhitaji babu yake pia. Ndivyo Mkwawa alivyokuja kuwa shujaa wa Watanzania wote, na ndipo mambo mengine yakanyamaziwa. Vita vya Maji Maji vilipowaka mwaka 1905, Wahehe hawakujiunga, na wapo waliopigana upande wa Wajerumani. Jambo hilo mara nyingi linarukwa masimulizi yanapofika hapo. Utukufu wa taifa unataka hadithi iliyonyooka.

Linabaki lile la tatu, utu. Mwanasosholojia Peter Berger aliandika mwaka 1970 kwamba heshima ya zamani imechakaa, na mahali pake imekaa hadhi ya binadamu, ile ya Tamko la Ulimwengu la mwaka 1948 linalosema watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa. Kwamba imechakaa sikubaliani naye. Angehudhuria kikao kimoja cha mahari Kilolo angeibadilisha sentensi hiyo. Lakini kwamba ni vitu viwili, hapo kasema kweli. Heshima na utukufu vyote hugawanywa kwa kutolingana, la sivyo havina maana, ilhali utu ukigawanywa kwa kutolingana umekwisha.

Tofauti hiyo ndiyo iliyojitokeza Songea tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alipoomba msamaha mahali ambapo mwaka 1906 Wangoni zaidi ya 60 walinyongwa, kiongozi wao Songea Mbano akiwa miongoni mwa waliouawa katika siku zile. Aliahidi kusaidia kutafuta kichwa cha Songea. Miezi miwili kabla, Berlin ilikuwa imetangaza kwamba vipimo vya vinasaba vya mafuvu yaliyotoka Kilimanjaro vimewapata jamaa walio hai. Kwa hiyo kipimo kipo, na wapo wanaopendekeza kitumike pia kwa fuvu lililopo Kalenga, maana Twining alitumia rula tu na tundu la risasi.

Naelewa kwa nini wengine hawataki. Jina la Mkwawa halilitegemei fuvu hilo, na anayedai ushahidi anaongea kwa lugha ya sajenti Merkl. Hata hivyo mimi naunga mkono lipimwe. Likiwa lake, hakuna kilichopotea. Lisipokuwa lake, basi ni la mtu mwingine wa nchi hizi aliyepigwa risasi ya kichwa, ambaye kwa miaka 70 amepokea salamu za watu wa ukoo mwingine wakati kwao hakuna anayejua alikoishia. Na Bremen yalibaki mengine 83.